Vijiti vya Mzee Makhanu

Nilimpima baba mkwe wangu kwa suruali yake iliyokuwa imeanikwa, kwa sababu yeye mwenyewe nisingeweza kumgusa. Kwetu mke wa mwana hamgusi baba wa mumewe. Hampi mkono, haketi karibu naye, haingii anapolala, na wakikutana njiani humpisha kwa mbali. Mimi niliolewa Kabras nikitoka Khwisero, na kwetu Khwisero adabu ni hiyo hiyo, kwa hiyo sikuona shida. Nilingoja mama mkwe aende mtoni kuteka maji, nikachukua uzi wa mkonge, nikaupima mguu mmoja wa suruali kuanzia chini ya mfuko mpaka kwenye upindo, nikaongeza upana wa vidole vinne, nikapiga fundo.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa kwenye kona ya jikoni, mtungi kichwani. Sikujua amesimama hapo kwa muda gani.

"Unapima nini, mtu wa Khwisero?"

"Napima mguu wa Mzee, mama."

Aliniangalia, akaangalia suruali, akaangalia uzi. Kisha akaingia jikoni, na nikasikia komeo likisukumwa. Jua lilikuwa limeshapanda. Tangu niolewe sikuwahi kuona mlango ule ukifungwa mchana.

Miaka hiyo miwa ilikuwa imetuzingira. Kiwanda cha sukari kilikuwa kimefunguliwa, na kila mtu aling'oa mihogo na kuacha mtama akapanda miwa, wengine mpaka ukutani mwa nyumba, hata ukifungua dirisha majani yanaingia ndani. Trekta zilipita kutwa zikivuta trela. Na pamoja na miwa yalikuja majeraha ambayo hatukuyazoea. Wakataji walijikata miguu kwa panga. Watu waliungua walipojaribu kuzuia moto wa shamba usivuke mpaka. Jirani yetu mmoja alifia njiani akipelekwa Malava kwa baiskeli, damu ikidondoka njia nzima, na kati yetu sote tuliomsindikiza hakuna aliyejua kukandamiza kidonda kwa kitambaa safi.

Mimi nilikuwa nikisoma gumbaru, yaani darasa la watu wazima, jioni kanisani kwetu. Nilianza nikiwa na watoto wawili, na sikuweza kuandika hata jina langu, Awinja. Nilimwomba Mungu anifundishe kusoma ili nilisome Neno lake bila kusomewa, na alinijibu, herufi moja baada ya nyingine. Tulipokwisha kujua kusoma tukaletewa muuguzi wa zahanati ya misheni, Sista Jeruto, atufundishe huduma ya kwanza. Alituambia kila boma liwe na chombo kimoja safi chenye vitambaa, pamba, sabuni na wembe mpya. Akatuambia mfupa ukivunjika usivutwe wala kukandwa, ufungwe kwa vijiti vilivyonyooka, virefu kupita kiungo cha juu na kiungo cha chini, na vipimwe kwa mguu ule mzima.

"Siku hiyo watu watakuwa wanalia na kukimbia huku na huku," alisema. "Hamtakuwa na akili ya kutafuta kijiti. Tafuteni leo."

Mimi nikifundishwa jambo hulifanya lote. Nilichukua debe la mafuta ya kupikia lenye kifuniko, nikalisugua kwa mchanga, nikachana shuka langu la zamani vipande vipande, nikavichemsha, nikavipiga pasi. Kisha nikaenda kwenye mti wa lusiola ulio nyuma ya zizi nikakata matawi yaliyonyooka. Watoto niliwapima kwa uzi wakicheka. Mume wangu Shikanga nilimpima akiwa anakunywa chai. Kila mtu nilimkatia jozi yake nikaitia alama kwa kisu: watoto alama moja na mbili, Shikanga tatu, mimi nne. Ya Mzee Makhanu niliichora msalaba, kwa heshima. Ya mama mkwe ilikuwa bado.

Nilichosahau ni kwamba pale Kabras, kama kwetu, mtu hapimwi ovyo. Fundi wa majeneza hapimi kwa mkono wake. Hutuma uzi au unyasi, na mtu wa nyumbani humpima marehemu, akapiga fundo, akampelekea fundi, na uzi ule huzikwa pamoja na mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama mchana kweupe na uzi wenye fundo mkononi, na suruali ya mtu aliye hai.

Jioni hiyo Shikanga alirudi kutoka zamu ya kiwandani akinuka sukari iliyoungua. Nilimwekea obusuma, ugali wetu, na mboga. Alikula kidogo, akasukuma sahani.

"Ulishika suruali ya Mzee?"

"Suruali si mtu."

"Mama anasema ulikuwa na uzi."

Nikamweleza habari za Sista Jeruto, mguu na vijiti. Alinisikiliza akiangalia chini.

"Mama anasema unataka Mzee aende kabla hajagawa shamba la miwa. Ati ukishajua kusoma ndio umejua na mambo mengine."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema uache kupima watu."

Aliposema hivyo aliuvuta mguu wake akauingiza chini ya kiti. Sidhani alijua ameuvuta. Mimi niliona.

Toka siku hiyo boma letu lilibadilika. Mama mkwe, ambaye jina lake ni Nanjala na ambaye alinipokea kwa nyimbo nilipoolewa, aliacha kunywa chai niliyopika mpaka anione nimemeza kwanza. Aliwaita watoto wangu kila waliponikaribia nikiwa na kisu, hata kama namenya ndizi. Kanisani, zamu yake ya kuomba ilipofika, alimwomba Mungu awafunue wale wanaopima urefu wa siku za wenzao. Kina mama walisema amina. Nami nilisema amina, na wawili au watatu wakageuka kuniangalia kama nimejibu jina langu.

Siku moja tukipura maharagwe aliniuliza, "Wewe unamwombanga Mungu atulinde?"

"Kila asubuhi, mama."

"Ukishaomba, unaenda kukata vijiti ya kufunga mtu amevunjika?"

"Ndiyo."

"Basi uniambie vizuri. Unaomba, ama unangojea?"

Usiku ule nilipiga magoti muda mrefu nikimuuliza Mungu kama kweli kujiandaa ni kukosa imani. Nilimwambia kama vijiti vile ni dhambi avichukue. Sikujua kwamba kuna mtu angelisikia ombi hilo haraka kuliko nilivyotaka.

Kesho yake nilikuta debe limesogezwa. Kifuniko kilikuwa kimefungwa vizuri, vizuri kuliko nilivyokifunga mimi. Vitambaa vilikuwemo, lakini vimekunjwa kwa namna nyingine. Wembe ulikuwemo. Vijiti, ambavyo nilivisimamisha nyuma ya debe, havikuwepo hata kimoja.

Sasa ikawa zamu yangu ya kushuku. Vitambaa vile vilikuwa vya shuka nililolalia, na mchawi hahitaji zaidi ya hapo. Nani alivifungua, na alikata kipande au hakukata? Nilivihesabu nikasahau idadi, nikavihesabu tena. Juma lile mama mkwe alikuwa amekwenda Malava bila kubeba kitu cha kuuza na akarudi bila kitu alichonunua. Nilianza kuangalia kabla ya kuketi. Nilianza kuonja mboga kwa ncha ya ulimi. Nilijiambia natahadhari tu, lakini moyoni nilijua kwamba ninafanya kile kile anachonifanyia.

Nilipokwenda kuzoa majivu jikoni kwake nikaona vipande vya lusiola ambavyo moto haukuvimaliza. Niliviinua kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa na alama tatu za kisu, cha Shikanga. Kingine kilikuwa na mbili, kingine moja, kingine nne. Nilipekua majivu yote kwa vidole, mpaka yale ya chini yaliyopoa zamani. Msalaba haukuwemo.

Vingine vyote vilichomwa, na vya Mzee havikuchomwa. Hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu akichoma vitu vyote akabakiza kimoja, basi amekibakiza kwa kazi fulani. Nikaikumbuka ile safari ya Malava na mikono mitupu.

Habari za kazi hiyo nilizipata kwa Shikanga. Alisema akiwa amenipa mgongo, anafunga viatu.

"Mama ameita kikao Jumamosi. Baba mkubwa Barasa atakuja, ndiye mama alimfuata Malava. Na wametuma mtu Khwisero amwite kaka yako."

"Kaka yangu wa nini?"

"Awinja, kaka ya mke anaitwanga kwa nini?"

Nilijua. Huitwa aje amchukue dada yake. Ningerudi Khwisero mikono mitupu, na watoto wangu wangebaki Kabras, kwa kuwa watoto ni wa boma la baba yao. Nililala nimewashika wote wawili. Sikuomba maneno mengi. Niliomba nisiondolewe kwa watoto wangu, nikarudia hilo hilo mpaka usingizi ukanichukua.

Ajali ilitokea siku mbili kabla ya Jumamosi ile.

Walikuwa wakipakia miwa ya Mzee katika shamba la chini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na trela lilizama gurudumu moja kwenye mtaro. Trekta lilifunguliwa likaenda kutafuta lingine la kusaidia kuvuta. Mzee Makhanu, ambaye hakupenda hata muwa wake mmoja ubaki chini, alikuwa akizunguka trela akiokota iliyodondoka. Trela likainama, na shehena ya upande mmoja ikamwagika. Niliisikia kutoka nyumbani, sauti kama ya nyasi za paa zinazotupwa chini kwa pamoja. Kisha nikasikia wakataji wakiita.

Nilichukua debe nikakimbia. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumtoa chini ya miwa na kumlaza kwenye majani makavu. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kwenye matope akimshika kichwa. Mguu wa Mzee, chini ya goti, ulikuwa umekaa jinsi mguu usivyokaa. Ngozi haikupasuka. Mkataji mmoja aitwaye Wanyama, kijana mwenye nguvu, alikuwa ameshika kisigino.

"Nauvuta urudi," alisema. "Nilimwona mtu akifanyiwa hivi Lugari."

"Na akatembea?" mwenzake akamuuliza.

"Hiyo sikungoja kuona."

Mimi nilisimama mbali, ng'ambo ya mtaro. Suruali ya Mzee ilikuwa imepandishwa juu ya goti. Sikuwa na ruhusa ya kuangalia, wala ya kukaribia, wala ya kugusa, na kati ya watu wote waliokuwa pale hakuna mwingine aliyefundishwa. Nikageuka, nikawapa mgongo, nikasema kwa sauti kubwa nikiielekeza miwa iliyosimama mbele yangu.

"Mama, usikubali avute."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza. Akivuta, mfupa utatoboa ngozi. Usikubali."

Nikamsikia Mzee akisema kwa shida, "Wanyama, wacha mguu yangu." Nadhani Wanyama aliuacha, kwa kuwa Mzee alishusha pumzi.

"Sasa?" mama mkwe akasema. Hakusema kwa upole. Alisema kama mtu anayemuuliza mwizi ameficha wapi.

"Ufungwe kabla hajabebwa. Nimeleta vitambaa, njoo uchukue. Vinahitajika vijiti viwili vilivyonyooka, kutoka katikati ya paja mpaka kupita kisigino."

"Miwa si iko hapa?" akasema Wanyama.

"Muwa utapinda," nikasema.

Nilikuwa naangalia majani ya miwa yakitikisika, na nilijua kwamba nyuma yangu yuko mtu mmoja anayejua vijiti viko wapi. Sikutaka kuwa mimi wa kuvitaja. Nikafumba macho nikaomba. Nikasikia miguu ikitembea kwenye matope, ikaenda, ikapotea upande wa nyumbani. Wakataji wakaanza kuulizana mama anakwenda wapi kumwacha mzee hivi.

Aliporudi alikuwa anahema. Nikasikia gunia likifunguliwa.

"Anza na nguo," nikasema. "Nguo laini pande zote mbili za mguu, hasa kwenye goti na kisigino."

"Nimeweka."

"Sasa kijiti kimoja nje na kimoja ndani. Wanyama ashike mguu kwa chini asiuinue sana. Usifunge pale palipovunjika. Funga juu yake na chini yake."

Nilitegemea masikio tu. Nikasikia kitambaa kikipita chini ya mguu, Mzee akiguna, mama mkwe akimwambia maneno ya Kikabras ya zamani ambayo sikuyajua yote, maneno anayoambiwa mtoto akinyolewa. Kisha sauti zote zikakoma. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Vijiti vilikuwa vimefika pale pale.

"Vimetosha?" nikauliza.

Nikasikia fundo la mwisho likikazwa.

"Vimetosha," akasema. "Vimetosha sana."

Sikuipenda sauti yake.

Nikamwambia aangalie vidole vya mguu kama vina joto, na Wanyama akasema vina joto. Walileta kitanda, wakamlaza, wakambeba wanne wanne wakipokezana mpaka barabara kubwa. Mama mkwe alipita karibu nami akifuata kitanda. Hakunishukuru. Aliniangalia uso, kisha mikono, na nikaona kwamba sasa ananiogopa kuliko jana.

Kutoka zahanati alipelekwa hospitali, huko wakaufunga mguu wake kwa plasta nyeupe, na Ijumaa jioni akarudishwa. Sista Jeruto alikuja na gari lile lililomleta. Alinishika bega akaniambia mguu ulifungwa vizuri. Nilipomweleza jinsi vijiti vilivyopatikana akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, mimi nilisema muwe na vijiti. Nani alikuambia upime watu?"

"Ulisema vipimwe kwa mguu mzima."

"Siku ya kuvunjika! Sasa hata mimi mwenyewe ningekuogopa." Akapanda gari akaenda, bado anacheka. Mimi sikuweza kucheka. Ilikuwa imebaki usiku mmoja.

Kikao hakikuahirishwa. Mzee Barasa, kaka mkubwa wa baba mkwe, alifika mapema na kiti chake cha miguu mitatu. Kaka yangu Osundwa alifika amevaa koti la harusi, uso umekunjamana kwa safari.

"Nilidhani nimeitwa kula ingokho," akaniambia polepole, maana kwetu mgeni huchinjiwa kuku. "Kumbe ni wewe unataka kuliwa."

Tuliketi uani. Mzee Makhanu hakuweza kutoka, na mguu wake ulikuwa umenyooshwa juu ya kitanda, kwa hiyo walifungua dirisha la chumba chake. Hakuna aliyemwona. Ilikuwa heri kwangu, kwa kuwa nisingejua nielekeze macho wapi.

Mama mkwe alisimama.

"Mimi sina maneno mingi. Huyu alipima mzee wangu na uzi. Nikamwona na macho yangu. Akakata vijiti. Haikupita mwezi, mzee akavunjika. Tena kijiti ikalingana na mguu kama kiatu amenunuliwa dukani. Mimi nauliza tu, alijua aje?"

Watu walinong'ona. Mzee Barasa alinigeukia akaniuliza kama ni kweli nilipima. Nikasema ni kweli. Akauliza kama nilimpima Mzee peke yake. Nikasema nilipima boma lote, isipokuwa mama.

"Shikanga," akaita. "Wewe pia ulipimwa?"

"Nilipimwa, baba mkubwa."

"Simama. Tembea mpaka kwa ile nguzo."

Shikanga akasimama, akatembea mpaka kwenye nguzo, akarudi. Osundwa akakohoa kuficha kicheko.

"Vijiti vyako viko wapi?"

"Mama alivichoma."

"Nanjala, ulichoma?"

"Nilichoma yote. Ya watoto, ya Shikanga, ya yeye mwenyewe."

"Na ya Mzee?"

"Hiyo niliweka. Nilitaka nyinyi muione, msiseme mimi mwanamke mzee naona vitu haiko."

"Uliiweka wapi?"

Nilimwona mama mkwe akiona anakoelekea, kama mtu aliyekanyaga ukingo wa mtaro gizani.

"Kwa dari," akasema. "Ya chumbani."

"Juu ya kitanda cha Mzee?"

"Juu ya kitanda."

Nilitazama macho ya watu yakiniacha, moja moja, yakihamia kwake. Kama vijiti ndivyo vilivyomwita Mzee kwenye ajali, basi ni nani aliyevilaza juu ya kichwa cha mume wake usiku baada ya usiku? Wanyama, aliyekuwa amekaa nyuma na wakataji, alimsogelea mwenzake akamwambia kitu. Nanjala alikuwa bado amesimama. Alishika ncha ya leso yake akaanza kuikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Nakiri kwamba nilipumua. Kama ningenyamaza, nisingerudi Khwisero. Mtu mwingine angechukua mahali pangu katika macho ya watu, na mtu huyo ndiye aliyeita kikao. Nilisikia moyo wangu ukisema, nyamaza, Mungu amekujibu. Lakini nilijua sauti ya Mungu haifurahii hivyo mama mzee akibaki peke yake mbele ya watu.

Nikaomba ruhusa ya kusema. Mzee Barasa akanipa.

"Mimi siku ile nilikuwa nimewapa mgongo," nikasema. "Sikufunga chochote. Kila kitambaa kilifungwa na mama. Alikimbia nyumbani kwenye matope, akarudi, akafunga na mikono yake. Vijiti ni vya mti wa lusiola wa nyuma ya zizi. Haviiti mtu. Havikuniita mimi, wala havikumwita Mzee, wala mama hakuvituma. Kama angevichoma vyote, Mzee angebebwa na mguu unaning'inia."

Nanjala aliniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya suruali hakuangalia mikono yangu.

Ndipo sauti ikatoka dirishani, nzito, ya mtu aliyelala chali.

"Barasa."

"Naam, Makhanu."

"Yule anapimanga mtu wa sanduku, anaanza wapi?"

"Kichwani."

"Anaishia wapi?"

"Kwa kisigino."

"Sasa hii ya mke wa Shikanga inaanza kwa paja. Nyinyi mnataka kuniambia alitaka kuzika mguu peke yake, mimi mwenyewe nibaki nikitembea?"

Osundwa ndiye aliyeanza kucheka, koti la harusi likitikisika mabegani. Kisha wakataji, kisha Shikanga, na mwisho Mzee Barasa mwenyewe, aliyelazimika kushika kiti chake cha miguu mitatu. Mama mkwe hakucheka. Lakini aliketi.

Mzee Barasa alipopata sauti yake alisema Osundwa amekuja safari ndefu na itakuwa aibu arudi bila kula ingokho, na kwamba dada yake ndiye atakayeipika, katika boma hili lake. Ikaishia hapo. Hakuna aliyeniomba msamaha, nami sikungoja. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga magoti kwenye majivu yale yale niliyoyapekua, nikashukuru.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, mama mkwe alinikuta naosha masufuria. Alikuwa amelibeba debe langu chini ya mkono.

"Hii itakaa kwangu," akasema. "Mahali naiona."

"Sawa, mama."

"Ukitaka kitu ndani, unaniambia. Tunafungua pamoja."

"Sawa."

Akasimama, akaangalia upande wa zizi, mahali lusiola ulipo.

"Kata zingine za watoto. Hawa wa siku hizi wanarukia trela ya miwa wakipata nafasi. Na za Shikanga, huko kiwandani kwao kuna machuma. Mzee ukitaka kipimo utaniuliza mimi, usiende tena kwa suruali."

"Nitafanya hivyo."

"Zangu usikate."

"Sitakata, mama."

Akaingia jikoni, akaliweka debe juu ya rafu, akainama kuchochea moto. Leso yake ilipanda kidogo, na mimi, bila kukusudia, nikajikuta namwangalia kutoka kwenye goti mpaka kisiginoni.

Hakugeuka.

"Na macho pia," akasema, "usinipime nayo."